Stovall kugongwa Peach Bowl: chumba cha marudio kilikosea, au kanuni ndiyo mbovu?

Mtoa mada
Wakuu, hii kesi ya Peach Bowl ya Januari 1, 2025 bado inagawa watu, basi tuijadili kwa kanuni, si kwa jezi. Texas na Arizona State, robo fainali ya mchujo wa futiboli ya vyuo Marekani, Atlanta. Matokeo 24–24, muda wa kawaida umebakiza kama dakika moja. Arizona State wako jaribio la tatu kati ya manne na wanahitaji yadi 15 ili wapate majaribio mapya. Sam Leavitt wa Arizona State anarusha, mwenzake Melquan Stovall anadaka, na papo hapo beki wa Texas, Michael Taaffe, anamfikia, helmeti kwa helmeti. Kibendera, ambacho mwamuzi hukirusha akiona kosa, hakikurushwa. Chumba cha marudio, yaani waamuzi wanaokagua video, kikasimamisha mchezo, kikatazama, kisha ikatangazwa kwamba hakuna kosa la kulenga kichwa. Yadi hazikutimia, Arizona State wakalazimika kuupiga mpira mbali na kuwaachia Texas. Texas wakashinda 39–31 baada ya vipindi viwili vya nyongeza.

Msimamo wangu: lilikuwa kosa. Kanuni ya 9-1-4 ya futiboli ya vyuo, inayohusu kulenga kichwa, inataka mambo matatu. Mchezaji awe hana kinga; mguso wa nguvu uwe kichwani au shingoni; na iwepo walau dalili moja ya kulenga. Mdakaji ambaye ndiyo kwanza ameupata mpira na hajapata muda wa kujikinga anatajwa waziwazi kwenye orodha ya wasio na kinga. Mguso wa kichwani tumeuona wote. Kimebaki nini?

Beki wa Nyuma
Kimebaki kile ulichokipita mbio, mkuu. Dalili ndiyo kesi yote. Zinazotajwa ni hizi: kuruka ili kumgonga mtu kichwani au shingoni, kuinama kisha kujifyatua kwenda juu na mbele, hata kama miguu haijaacha ardhi, kutanguliza helmeti, bega, mkono, ngumi au kiwiko kushambulia kichwa, na kushusha kichwa ili kugonga kwa utosi wa helmeti. Pasipo hata moja, vichwa kugongana si kosa, hata kikilia kishindo cha kutisha. Taaffe hakuruka. Utosi haukuhusika, alikuja uso ukiwa mbele. Kwa macho yangu ni beki anayekaba mtu aliyeshuka ghafla mbele yake.

Mtoa mada
Hapo unachanganya vifungu viwili. Utosi ni sharti la 9-1-3, kile kinachomlinda mchezaji yeyote, awe na kinga au asiwe nayo. Kwenye 9-1-4 sehemu ya helmeti haijalishi. Ukitanguliza barakoa ya mbele, vile vyuma vya helmeti vinavyokinga uso, dhidi ya kichwa cha asiye na kinga, umekamilisha dalili ya tatu kwenye orodha yako mwenyewe.

Beki wa Nyuma
Kutanguliza *kushambulia*. Neno hilo usilimeze. Kila beki anayekimbia huku anaangalia mbele ametanguliza uso, atatanguliza nini kingine?

Mama Filimbi
Mnabishana kama vile kanuni inasema kitu kimoja, kumbe inasema viwili. Kwa mwamuzi wa uwanjani imeandikwa: ukiwa na shaka, ni kosa. Kwa chumba cha marudio, tangu 2019, kila kipengele lazima kithibitishwe, na kimoja kikikosekana kosa linafutwa. Maamuzi mengine yanayokaguliwa yalikuwa na nafasi ya katikati, yaani uamuzi unabaki kwa sababu picha hazikutosha kuupindua. Kwa kulenga kichwa nafasi hiyo iliondolewa. Kwa hiyo wale wanaosema "kibendera kingerushwa, Taaffe angetoka" hawajafuata mabadiliko. Kibendera kiwepo kisiwepo, mezani kesi inaanza upya.

Yadi Kumi
Kwa maandishi, ndiyo, dada. Kwa vitendo siamini. Chumba kilipopewa uwezo wa kuliita kosa hili chenyewe mwaka 2016, lengo lilikuwa makosa ya dhahiri ambayo uwanjani hayakuonekana. Ukikaa kwenye kile kiti huku kibendera hakipo, zimebaki sekunde chache za msimu wa timu mbili, unajiuliza swali tofauti na mwenzako anayekagua kosa lililokwisha kuitwa. Mmoja anauliza "ni kosa?", mwingine anauliza "ni dhahiri kiasi hicho?"

Kamera ya Nne
Kabla ya kwenda mbali, tuseme picha zinaweza kuthibitisha nini. Video ya fremu 60 kwa sekunde, wachezaji wawili wanakaribiana kwa mita 9 kwa sekunde: kati ya fremu moja na inayofuata wamesogeleana sentimita 15. Utosi wenyewe kanuni inaupima kama duara la nusu kipenyo cha inchi 6 kutoka kileleni, yaani hizo hizo sentimita 15. Fremu moja ya mguso ikikupotea, hujui tena helmeti iligusa wapi kwanza.

Halafu pembe. Kamera ya pembeni yenye lenzi ndefu inabana umbali, vitu viwili vilivyoachana vinaonekana vimegusana. Ya nyuma ya goli inaonyesha kama kichwa kilielekea kushoto au kulia kwa mdakaji, ila haikuambii nani alishuka. Utaratibu mzuri ni taratibu kwa ajili ya mahali pa mguso, kasi ya kawaida kwa ajili ya nguvu na mwendo wa mwili. Ukikagua nguvu kwa mwendo wa taratibu, kila mtu ni muuaji, maana beki anaonekana ana muda wa kubadili nia ambao hakuwa nao.

Kwa Taaffe, mahali pa mguso hapana utata. Picha hazikuamua dalili, na haziwezi, kwa sababu "kushambulia" hakuna kamera ya kukupimia.

Mtoa mada
Basi umenipa hoja. Kama dalili ni suala la maoni, kwa nini shaka isiende upande wa mdakaji, kama kanuni inavyomwambia mwamuzi wa uwanjani?

Kona ya Kusini
Kwa sababu ya uzito wa adhabu, ndugu yangu. Yadi 15, majaribio manne mapya, na beki anatolewa. Kwa kanuni ya msimu ule, ikitokea nusu ya pili, alikosa pia nusu ya kwanza ya mechi inayofuata. Kwa Taaffe hiyo ingekuwa nusu fainali dhidi ya Ohio State. Ofisa anajua anamkata mtu mechi mbili kwa kitu cha nusu sekunde, naye ni binadamu. Igawanye adhabu: yadi 15 kwa mguso usio na nia, kutolewa kwa ule wa makusudi. Vibendera vitarushwa bila woga.

Mama Filimbi
Na ugomvi wa "kusudi au bahati mbaya" tutauweka wapi? Umeuhamisha tu. Halafu tishio la kutolewa, lililoingia 2013, ndilo lililowafundisha mabeki kushusha shabaha kifuani.

Yadi Kumi
Mimi naona mnaacha lililo jepesi. Waamuzi wa vyuo wako chini ya konferensi, yaani ligi za vyuo, kila moja na wakufunzi wake. Brett Yormark, kamishna wa Big 12, konferensi ya Arizona State, baada ya mechi alitaka viwango vya kitaifa. Namuunga mkono, na ningeongeza sharti moja: tangazo litaje kipengele kilichokosekana. "Hakuna dalili" au "mguso si wa kichwani". Maneno mawili tu, tungejua tunabishia nini.

Beki wa Nyuma
Hilo nakubali. Ila wale wa "SEC inabebwa", yaani konferensi ya Texas, wapumzike: mechi za mchujo huchezeshwa na waamuzi wa konferensi isiyo na timu uwanjani. Na baada ya tukio lile, mkwaju wa yadi 38 wa Bert Auburn wa Texas uligonga mlingoti wa goli. Arizona State wakatangulia kwenye nyongeza, wakawasukuma Texas hadi jaribio la nne na yadi 13, kisha wakamwachia mdakaji wa Texas, Matthew Golden, nafasi ya yadi 28 hadi mwisho wa uwanja.

Mtoa mada
Yadi 13 zile ni kosa la ulinzi wao, sibishi. Lakini hujanijibu: barakoa ya mbele, kichwa cha asiye na kinga, mwili unaenda mbele. Ungemwona beki wa timu nyingine amefanya hivyo Oktoba, mechi ya kawaida, ungerusha kibendera au la?

Beki wa Nyuma
Uwanjani, kwa kasi ile, ningerusha. Chumbani ningekifuta.