Picha ina jina la mpiga picha juu yake: ukiiacha na jina lake, umeruhusiwa kuitumia?

Mtoa mada, Moshi

Wakuu, habari za leo. Naleta jambo hili kwenu kwa sababu juzi tumelibishania hapa karibu na Mnara wa Saa hadi watu wa meza ya jirani wakaingilia, na hatukufika popote. Mwenzangu anashikilia kwamba picha ikiwekwa mtandaoni na jina la mpiga picha limeandikwa juu yake, yeyote anaweza kuitumia, mradi asilifute hilo jina. Anasema jina lenyewe ndilo malipo, kwani kazi inatangazwa bure. Mimi nasema hapana. Nitaeleza kwa nini, nanyi mnikosoe.

Nianze na picha iliyoleta ugomvi. Mwaka jana nilipanda Kilimanjaro kwa njia ya Machame na kundi la wageni. Asubuhi ya siku ya nne, kwenye ukuta wa Barranco, nilitangulia nikajibanza kwenye jiwe kusubiri wapagazi. Nikampata mmoja, mzigo kichwani, mkono mmoja umeshika mwamba, kamba ya mfuko inaning'inia begani. Niliporudi nyumbani niliweka jina langu kwa herufi hafifu katikati ya picha, ile ambayo wengine huiita alama ya maji, nikaiposti.

Miezi miwili baadaye nikaikuta kwenye tangazo la kampuni moja ya utalii ya Arusha. Jina halipo. Ukiikuza utaona mahali lilipokuwa: kamba ya mpagazi inakatika, inaanza tena kidole kimoja mbele, na mwamba nyuma yake umekuwa laini kama umepakwa siagi. Nikawaandikia. Jibu likaja la maneno mawili: "Tuliikuta Google."

Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ni ya mwaka 1999. Haki inaanza pale kazi inapotengenezwa. Si lazima uandike jina juu ya picha wala uende COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, kwanza ndipo iwe yako; kusajili kunakusaidia kwenye ushahidi mkifikishana mbali. Tanzania pia iliingia kwenye Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, mwaka 1994, na msingi wa mkataba huo ni huohuo, kwamba ulinzi hautegemei usajili.

Sasa kama haki ipo hata pasipo alama, alama inafanya kazi gani? Inakuonyesha mwenye mali ni nani ili umwulize. Ng'ombe wa Kimasai ana chapa ya ukoo. Sijawahi kusikia mtu akiiona chapa ile akasema, "Basi huyu namchinja, ila kipande cha ngozi chenye chapa nitakiacha."

Sisemi kila matumizi ni kosa. Sheria inaruhusu kunukuu kwa kiasi na kumtaja mwenye kazi, inaruhusu kufundishia. Mwalimu akionyesha darasani picha yangu ya Barranco kueleza miamba ya volkano, nitafurahi. Tangazo la kuuza safari ni biashara, na kwenye biashara ile picha inafanya kazi kama gari au hema linavyofanya kazi. Hema hulipiwa.

Mchangiaji, Njiro

Mkuu, pole. Kufuta jina ni wizi, hapo simtetei mtu. Ila mimi nina kampuni ndogo, watu watatu na gari la kukodi. Picha ya simba nimeikuta kwenye kurasa mia, haina jina popote. Nimtafute nani? Na ninyi wapiga picha tukiwaandikia, ama hamjibu, ama mnatutajia bei ya mgeni. Msimu unafunguka Juni, siwezi kukaa nasubiri.

Mtoa mada

Ndugu wa Njiro, hilo la kutojibu ni kweli na linatuumiza sisi wenyewe. Nakubali. Lakini picha isiyo na jina bado ina mwenyewe. Ipandishe kwenye utafutaji wa picha wa Google, mara nyingi utafika kwenye ukurasa wa kwanza ilikowekwa, ikiwa kubwa zaidi na jina likiwepo. Ukishindwa kumpata, iache. Zipo zilizotolewa kwa hiari chini ya leseni za Creative Commons, na kwenye Wikimedia Commons, hazina ya picha huru mtandaoni, zimo za Kilimanjaro, Ngorongoro, Serengeti. Soma tu masharti, maana nyingi zinataka umtaje mpigaji, na leseni nyingine hazitaki biashara kabisa. Au fanya ninavyowaambia wengi: mna waongozaji wenye simu nzuri wanaokwenda porini kila wiki. Wapeni kitu, muandikiane, tumieni za kwao. Tena mgeni ataliona gari lenu lenyewe, si la watu wengine.

Mchangiaji, Kaloleni

Mimi natengeneza mabango, nawaambieni ninayoyaona. Mteja anakuja na picha aliyoipakua kutoka Getty Images, kampuni ya kuuza picha mtandaoni, jina lao bado limekaa juu yake, ananiambia "toa hiyo." Hajui kwamba ile ni sampuli ya kutazama, ukilipa unapewa safi. Kwa hiyo hata ukiiacha na alama, umetangaza mwenyewe kwamba hukulipa. Zamani kuifuta kulinichukua nusu siku, leo akili mnemba inafuta kabla sijakaa vizuri. Mwaka 2017 watafiti wa Google walionyesha kwamba alama ikiwa ileile, imewekwa vilevile kwenye picha nyingi, kompyuta inaweza kuichambua na kuiondoa kwenye zote. Mkuu wa Moshi, badilisha kidogo umbo la alama yako kila picha, itawasumbua zaidi. Na faili halisi ya kamera usimpe mtu. Hiyo ndiyo itakayokusemea.

Mimi kazi za namna hiyo nimeacha kuzipokea. Nimepoteza wateja wawili, wakahamia duka la pili.

Mchangiaji, Machame

Nimesoma yote. Mmegawana haki vizuri, mpiga picha na kampuni. Kaka yangu ni mpagazi, miaka kumi na moja sasa. Yule mwenye mzigo kichwani, sura yake ndiyo inayouza safari kwenye hilo tangazo. Aliulizwa?

Mtoa mada

Dada, hakuulizwa. Tulipofika kambi ya Karanga nilimwonyesha kwenye kioo cha kamera, akacheka, akawaita wenzake waje kuona. Nikachukulia imetosha. Sikumwambia kwamba itakwenda mtandaoni, wala kwamba inaweza kuuzwa. Nimeurudia ujumbe wako mara kadhaa tangu asubuhi. Nilichowadai wale wa Arusha, kuuliza kwanza, mimi mwenyewe sikukifanya, na yeye sikuhitaji kumtafuta popote, alikuwa mbele yangu.

Hakimiliki ya picha bado ni yangu na sirudi nyuma kwa hilo. Lakini ile kampuni imeniandikia tena jana, safari hii wanauliza bei. Sijawajibu. Nimempata mwongozaji tuliyepanda naye, ameniambia jamaa yuko mlimani na kundi jingine, wanashukia Mweka Jumamosi mchana. Nitakuwa getini na picha iliyochapishwa, nimweleze inakotakiwa kwenda na wanataka kutoa kiasi gani, nisikie yeye anasemaje. Akikataa, haiuzwi.