Mjadala: Chanjo za watoto wetu, tuendelee kununua India kwa bei ya chini, au tulipe zaidi zitengenezwe Afrika?

Mleta mada, Mombasa

Machi 2021 nilimpeleka mamangu kuchanjwa korona. Akachomwa sindano ya kwanza, na tarehe ya kurudi ikaandikwa kwenye kadi kwa penseli. Siku ilipofika tukaambiwa chanjo hakuna. Tarehe ikafutwa, ikaandikwa nyingine, nayo ikafutwa, mpaka kadi ikachakaa pale pale palipofutwa.

Chanjo ile ilikuwa ya AstraZeneca, iliyotengenezwa na kampuni ya Serum Institute kule Pune, India. India ilizuia dozi zisitoke nchini kwa sababu watu wake walikuwa wanakufa, na COVAX, mpango uliokuwa ukituletea sisi, ukasubiri hadi Novemba mwaka ule. Siwalaumu Wahindi. Nyumba ikishika moto, mtu huwatoa wanawe kwanza. Ninaowalaumu ni sisi. Afrika inatengeneza karibu asilimia 1 tu ya chanjo inazotumia, na viongozi wetu wameweka lengo la asilimia 60 ifikapo 2040. Lengo hilo halitafikiwa iwapo kila tukienda sokoni tunachagua ya bei ya chini kabisa.

Tazameni Aspen, kampuni ya dawa ya Afrika Kusini. Mwaka 2022 walipata leseni ya kutengeneza chanjo ya korona ya Johnson & Johnson na kuiuza kwa jina lao wenyewe. Mashine zilikuwepo, wataalamu walikuwepo. Hakuna aliyeagiza hata dozi moja. Hotuba za kujitegemea tulizisikia sote, ila wa kununua hakuonekana.

Msimamo wangu: serikali zetu zikubali kulipa zaidi kwa kinachotengenezwa Afrika, hata kwa miaka kumi, mpaka viwanda visimame.

Mchangiaji wa pili, muuguzi, Homa Bay

Pole kwa ya mama, ndugu yangu. Lakini hiyo "kulipa zaidi" uliyoiandika, mimi naiona kwa macho.

Chanjo ya malaria ilianza kwetu huku Septemba 2019. Ni ile iitwayo RTS,S, ya kampuni ya GSK. Huja vichupa viwili, kimoja unga na kingine maji yake. Unachanganya, unapata dozi mbili, na saa sita zikipita kilichobaki unakimwaga. Kwa hiyo mama akija na mtoto mmoja, nachungulia benchi kwanza nione kama kuna wa pili. Kwa ratiba tuliyoanza nayo, mtoto huchomwa akiwa na miezi 6, 7 na 9, kisha ya nne akifika miaka miwili, na hiyo ya nne wengi huisahau kwa sababu mtoto anakimbia na anaonekana mzima.

Sasa piga hesabu. Dozi moja ya RTS,S ilikuwa ikinunuliwa kwa zaidi ya euro 9. Mara nne, zinapita 36 kwa mtoto mmoja. Ikaja R21, chanjo nyingine ya malaria ya Chuo Kikuu cha Oxford, inayotengenezwa na hao hao wa Pune, na Shirika la Afya Duniani (WHO) lilipoipitisha Oktoba 2023 ilitajwa bei ya kati ya dola 2 na 4. Hata ukichukua hiyo ya juu, mtoto mmoja ni dola 16. Kwa fungu lile lile la pesa nachanja watoto wawili na chenji inabaki. Katika nchi tatu za majaribio ya RTS,S, Kenya, Ghana na Malawi, vifo vya watoto waliofikia umri wa kuchanjwa vilipungua kwa asilimia 13. Ukiniambia tulipe zaidi kwa ajili ya kiwanda, nitakuuliza: mtoto yupi kwenye benchi langu asubiri?

Na usisahau kwamba Kenya inatarajiwa kuacha kusaidiwa na Gavi, shirika linalozisaidia nchi maskini kununua chanjo, mwaka 2029. Hapo kila senti itatoka kwetu.

Mchangiaji wa tatu

Naongeza neno moja. Bei ya chini haikuanguka kutoka mbinguni. Mlipuko wa homa ya uti wa mgongo wa 1996 uliua watu kama 25,000 katika nchi za Sahel. Wakubwa wa afya wa nchi hizo walipoulizwa wanataka chanjo ya namna gani, walisema isizidi nusu dola. Kampuni kubwa hazikuona faida. PATH, shirika la afya lisilotafuta faida, na WHO wakatafuta ufundi Marekani na kuupeleka Pune, na Desemba 2010 chanjo hiyo, MenAfriVac, ikazinduliwa Burkina Faso, chini ya senti 50 kwa dozi. Mnunuzi alitaja bei kabla kiwanda hakijaanza.

Mleta mada

Dada, swali lako la benchi limenikaa. Kwa malaria nakubali nimeshindwa: tununue R21 popote ilipo nafuu, na msimamo wangu ule wa "kulipa zaidi" kwa kila kitu naufuta.

Lakini nina hoja ya kipindupindu. Tangu Oktoba 2022 chanjo yake ni haba hata katika milipuko mtu anapewa dozi moja badala ya mbili. Kampuni ya India iliyokuwa ikiitengeneza iliacha, na kwa muda dunia nzima ikategemea kiwanda kimoja cha Korea Kusini. Hapo bei ya chini haitusaidii kitu, kwa sababu bidhaa yenyewe haipo. Kule Lusaka, Zambia, mwanzoni mwa 2024 uwanja wa mpira uligeuzwa wodi ya kipindupindu.

Biovac, kampuni ya chanjo ya Cape Town, Afrika Kusini, tayari imepewa ufundi wa kuitengeneza chanjo hiyo. Nchi zinazougua kipindupindu kila masika zikisaini leo kwamba zitanunua, kwa idadi na bei inayojulikana, hata ikizidi ya Korea kidogo, hakuna mtoto atakayenyang'anywa dozi yake, maana dozi hiyo hana. Na Biovac haitapata yaliyoipata Aspen.

Dada, je, kwa hiyo moja tu, ungekubali tulipe zaidi?

Mchangiaji wa pili

Kwa hiyo moja, ndiyo. Ila sahihi iwekwe na wizara ya fedha. Ya wizara ya afya nimeona ikiwekwa mara nyingi, na friji yangu haijawahi kujaa kwa sababu yake.