Tupeane uzoefu: dansi na taarab laivu, usikilize nini, usimame wapi, utunze vipi

Mwanzisha mada, Dar es Salaam

Wakuu, kila mpenzi wa muziki ana onyesho lake asilolisahau, lakini tukiishia kuandikiana "siku ile palichimbika" hakuna atakayeondoka na kitu. Naomba tuelezane kwa undani: onyesho zuri linajengwa na nini, sikio lielekee wapi, kipi huharibu, na kumbukumbu inatunzwaje. Nafungua na dansi, wenzangu wa taarab watafuata.

Bendi kubwa za dansi za Dar zimesimama juu ya magitaa. Besi iko chini, rizim inashika kordi, sekandi solo inapita katikati kwa vifungu vifupi vinavyojirudia, na solo iko juu kabisa. Anayesikia solo peke yake anakosa nusu ya mambo. Fanya hivi: wimbo ukianza, fuata rizim mpaka ubeti wa kwanza uishe, kisha hamia sekandi solo. Utagundua kwamba sekandi inamjibu solo, haimwigi. Ikipiga noti zile zile za solo, magitaa mawili yanamezana na bendi inasikika nyembamba hata kama jukwaani wamejaa watu.

Wimbo wenyewe una sehemu mbili. Ya kwanza ni ya mashairi, mwendo wa taratibu, waimbaji wanapokezana na waitikiaji, na vipulizo (tarumbeta na saksafoni) vinaingia kati ya ubeti na ubeti. Ya pili ni chemko, hapo maneno yanapungua na magitaa yanachukua uwanja. Kwenye rekodi, chemko lina dakika zake. Ukumbini linakwisha pale kiongozi anapotaka, kwa hiyo mwangalie yeye na mpiga drums. Ishara ya kubadili kifungu hutolewa na drums, au solo anarudia kifungu kimoja mpaka wenzake wote wamsikie. Bendi iliyozoeana inageuka kwa pamoja kwenye pigo la kwanza. Isiyofanya mazoezi ya kutosha utaisikia vipulizo vikichelewa.

Anayetaka kujifunza mitindo asikilize bendi mbili za Dar, Msondo na Sikinde, bega kwa bega. NUTA Jazz ilianzishwa 1964, ikawa Juwata, kisha OTTU, ndiyo Msondo Ngoma. Mlimani Park ilianza 1978 na mtindo wake ni Sikinde. Waimbaji Muhidin Gurumo na Hassan Bitchuka waliimba kote kuwili. Kwa hiyo tofauti unayoisikia haitoki kooni mwa waimbaji tu, inatoka kwenye mpangilio wa magitaa na vipulizo. Kwangu mimi huo ndio ushahidi mkubwa kwamba dansi ni kazi ya mpangaji muziki, ingawa sifa zote humwendea mwimbaji.

Mpiga besi, Morogoro

Mkuu umefungua vizuri. Niongeze kuhusu tumba, zile ngoma ndefu za kupigwa kwa viganja, na mahali pa kusimama.

Tumba ndizo zinazoamua kama watu watacheza au watatikisa vichwa tu. Besi ya dansi haijazi kila pigo, inaacha nafasi, na nafasi hizo ni za tumba. Tumba zikizimwa na drums kwenye mitambo, besi inaonekana kama inakatika hovyo. Kosa hilo liko kwenye maonyesho mengi ya siku hizi: drums zina maikrofoni sita, tumba zina moja, tena imesimama mbali.

Mahali pa kusimama si mbele kabisa. Mbele unapata sauti ya ampu za magitaa na drums zenyewe, wakati sauti za waimbaji zinapita juu ya kichwa chako kwenda nyuma, kwa sababu spika kubwa zimeelekezwa huko. Pembeni unasikia spika moja. Kwenye kona na karibu na ukuta besi inavimba mpaka maneno hayashikiki. Pazuri ni pale ilipo meza ya fundi mitambo au hatua chache mbele yake, katikati ya spika mbili, kwa kuwa fundi hupanga sauti kwa masikio yake akiwa pale. Sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde. Ukiwa mita 34 kutoka jukwaani, pigo la drums unaliona kwanza, unalisikia sehemu moja ya kumi ya sekunde baadaye. Ndiyo maana wanaocheza nyuma kabisa ya uwanja mkubwa wanaonekana hawaendi na bendi.

Ukumbi wa bati na sakafu ya saruji ukiwa mtupu unarudisha sauti vibaya. Watu wakijaa, miili yao inanyonya mwangwi. Kwa hiyo usiihukumu bendi kwa nyimbo mbili za mwanzo, na kwenye utaratibu wa zamani nyimbo hizo ni za kupasha moto, mara nyingi magitaa yanapiga bila waimbaji wakubwa. Hata hivyo ziwahi. Hapo ndipo unapoweza kusikia kila gitaa peke yake kabla vurugu haijaanza.

Mpenzi wa taarab, Unguja

Assalaam alaykum ndugu zangu. Kwenye taarab asilia usikilizaji ni mwengine kabisa.

Kikundi kama Nadi Ikhwan Safaa, kilichoanzishwa 1905, au Culture Musical Club ya 1958, hupanga fidla kadhaa, kanuni (sanduku bapa la nyuzi nyingi), udi (gitaa la Kiarabu lenye tumbo), nai (filimbi ya mwanzi), akodiani, chelo, besi ya kusimama, na midundo ya dumbak (ngoma ndogo) na rika (tari yenye vibati). Wanafungua kwa bashraf, yaani muziki mtupu bila ya mwimbaji. Wageni wengi huzungumza wakati wa bashraf wakidhani vyombo vinajaribiwa, nalo ni kosa kubwa. Bashraf ndiyo inayokutia sikioni makam, yaani mpangilio wa noti, ya usiku ule. Ukiikosa, mwimbaji akipanda hujui ametoka wapi na anarejea wapi.

Msikilize mpiga kanuni. Kanuni ya kawaida ina nyuzi 78, zimepangwa tatu tatu kwa kila sauti, na upande wa mkono wake wa kushoto mna vipini vidogo vya chuma. Akivinyanyua au akivishusha, sauti inapanda au inateremka kwa vipande vidogo kuliko vya piano. Makam ya Bayati inayoanzia Re inataka Mi iliyoteremshwa robo ya sauti. Fidla, udi na nai wanaipata kwa vidole na pumzi. Akodiani haiwezi, kwa hiyo mpigaji mzuri huipita noti ile kimya. Kinanda cha umeme kinaiweza kikirekebishwa, na kisiporekebishwa kitagombana na mwimbaji wimbo mzima. Wengi hudhani mwimbaji ndiye aliyekosea.

Kinachoharibu zaidi ni unyevu. Daraja la kanuni limekaa juu ya ngozi. Usiku wa pwani ngozi inalegea, nyuzi zote 78 zinateremka, na haziteremki sawa. Kikundi makini huvitoa vyombo nje mapema ili vizoee hewa kabla ya kutiwa sauti, yaani kukazwa nyuzi mpaka zilingane. Katika Ngome Kongwe, ambako tamasha la Sauti za Busara lilifanyika mara nyingi tangu lilipoanza 2004, jukwaa liko wazi na upepo wa Forodhani unaingia. Ukiona wanatia sauti tena baina ya nyimbo, wavumilie, wanakulindia masikio yako.

Kutunza, yaani kumpa mwimbaji fedha, kuna adabu zake. Subiri mshororo uliokugusa, inuka taratibu ukicheza kwa mabega, mpe mwimbaji mkononi, pita upande wa pili urudi. Usisimame mbele ya fidla ukamziba mpigaji asimuone kiongozi wake. Na usimsemeshe mwimbaji katikati ya mshororo, hata akiwa shoga yako.

Anayependa kucheza zaidi atafute kidumbak: fidla moja, vidumbak viwili, cherewa (za kutikisa), mkwasa (vijiti vya kugonganisha), na besi ya sanduku. Maneno ni makali, mwendo ni wa kasi, na jukwaa halihitajiki.

Fundi mitambo, Mombasa

Bi mkubwa wa Unguja amesema kweli kuhusu kanuni, nami nieleze kwa nini taarab hupotea kwenye spika.

Kila maikrofoni iliyo wazi inachota na kelele za jukwaani. Ukizidisha idadi yao mara mbili unapoteza desibeli 3 za nafasi kabla spika hazijaanza kupiga mluzi. Kikundi cha watu ishirini ukimpa kila mmoja yake, hutapata sauti ya kutosha. Fidla ziweke mbili mbili kwa maikrofoni moja, nusu mita juu yao. Kanuni iwe sentimita 30 kwa juu, na ukate kila kilicho chini ya hezi 100. Udi usielekeze kwenye tundu, hapo unavuma kama pipa. Elekeza pale shingo inapokutana na mwili, sentimita 20 hivi. Nai mwache apulize akipita juu ya maikrofoni, si ndani yake.

Kabla watu hawajaingia, pandisha sauti ya mwimbaji polepole mpaka mluzi uanze, utafute ni hezi ngapi kwenye ekwalaiza, punguza hapo desibeli 3 hadi 6, kisha rudia. Mara mbili au tatu zatosha. Ukiendelea kukata utaua sauti yenyewe. Monita ya mwimbaji ikae nyuma ya maikrofoni yake, ambako haisikii vizuri. Mwimbaji akikumbatia kichwa cha maikrofoni kwa kiganja anaziba matundu ya nyuma, maikrofoni inaanza kusikia kila upande, na mluzi unarudi. Mwambieni kabla, kwa heshima.

Mngurumo wa chini usiokoma husababishwa na umeme. Mixa na ampu zote zichukue umeme mahali pamoja. Usikate waya wa ardhi ya plagi ili kuuondoa, mtu atakufa akishika gitaa na maikrofoni kwa wakati mmoja.

Wapenzi wa taarab ya huku kwetu Mombasa, ya mtindo wa mwimbaji marehemu Juma Bhalo, mjue hamonia (kinanda cha upepo) na tashkota (chombo cha nyuzi chenye vitufe) zina sauti nyembamba kali. Zikipandishwa juu zinafunika maneno, na taarab ile ni maneno kwanza. Udi wa marehemu Zein l'Abdin ni kinyume chake: chombo kimoja na sauti moja, ukumbi mdogo unatosha, na mitambo mikubwa inauumiza.

Mdau, Nairobi

Langu ni fupi, ni masikio. Shirika la Afya Duniani 2022 liliweka kipimo cha kumbi za muziki: wastani usizidi desibeli 100 kwa dakika 15. Ukilazimika kupiga kelele ili mtu aliye mkono mmoja kutoka kwako akusikie, uko kwenye sauti ya kuumiza. Vizibo vya sponji hufanya kazi vikivaliwa sawasawa. Kiviringishe kiwe chembamba, vuta sikio juu na nyuma kwa mkono wa upande wa pili, kisukume ndani, kishikilie nusu dakika kitanuke. Kikiwa nje nusu hakizuii vya kutosha. Watoto wavalishwe vya kufunika sikio lote.

Mkusanyaji wa kanda, Muscat

Waungwana, huku Oman nyumba nyingi zenye asili ya Unguja zina kanda za taarab zilizorekodiwa ukumbini au harusini, na Bara kuna za dansi. Rekodi hizo zinakufa kabatini. Utaratibu wa kuziokoa ndio huu.

Usicheze kanda moja kwa moja. Iangalie kwanza: ukungu mweupe pembezoni mwa utepe unaambukiza mashine, itenge. Angalia kipande kidogo cha sponji kilichoko katikati mbele. Kikiwa kimedondoka, utepe haugusi kichwa cha mashine vizuri na sauti inakuwa hafifu, watu wanadhani rekodi imekwisha. Dawa ni kuhamisha utepe kwenye ganda lingine zima la skrubu tano. Kanda za dakika 60 na 90 ni imara, za 120 ni nyembamba mno na hunasa. Izungushe mbele mpaka mwisho na kurudi, mara moja kila upande, ndipo uicheze.

Safisha kichwa na kigurudumu cha mpira kwa pamba na spiriti kila baada ya kanda chache. Kisha skrubu ndogo ya kichwa: kila mashine iliyorekodi ilikuwa na mwinamo wake. Weka masikio kwenye rika au vipulizo, izungushe kidogo kidogo kushoto na kulia mpaka sauti kali iwe wazi kabisa. Hatua hii inarudisha uhai kuliko programu yoyote, na wengi huiruka.

Ingiza kwenye kompyuta kwa faili la WAV, biti 24, kilohezi 48, na sauti ya juu kabisa ibaki kama desibeli 6 chini ya kikomo. Saa moja inakula kama gigabaiti 1. Usitumie programu ya kuondoa kelele kwenye nakala ya kwanza, inakula mikono ya watu, vigelegele na mwangwi wa ukumbi, na hivyo ndivyo vinavyoonyesha kwamba ni onyesho. Kasi ikikupa shaka, usiamini akodiani peke yake, kuna zilizotiwa sauti juu kidogo. Linganisha na mngurumo wa umeme uliomo kwenye rekodi, Zanzibar na Bara ni hezi 50. Ukisoma 52, mashine yako inakwenda haraka.

Kwa wanaorekodi kwa simu leo: zima mawasiliano, tafuta programu inayokuruhusu kushusha sauti ya kuingia kwa mkono, ishushe kuliko unavyodhani, na ukae mbali na spika za besi. Simu ikijirekebisha yenyewe, kila pigo la tumba linazamisha waimbaji. Waombe bendi ruhusa kwanza.

Mwisho, andika usiku ule ule, kwenye jina la faili na kwenye karatasi: tarehe, ukumbi, kikundi, nani kapiga nini, nyimbo kwa mpangilio wake, na mtunzi wa kila wimbo. Mpiga sekandi solo na mpiga rika ndio wasioandikwa kamwe, kwa hiyo anza na wao.