Kamera za dukani na nyumbani hapa Mwanza: mipaka yake iko wapi?

Mkazi wa Mabatini:
Ndugu zangu, nina duka la nyavu jirani na mwalo wa Kirumba, na ninaishi mlimani Mabatini, ambako nyumba zimepandana juu ya mawe kiasi kwamba anayekaa juu huona ua wa anayekaa chini bila hata kukusudia. Kwa kuhofia wezi nilifunga kamera sehemu zote mbili. Sasa mama wa nyumba ya chini amelalamika kwa mwenyekiti wa mtaa kwamba kamera yangu inaelekea uani kwake, penye bafu la nje, na kijana anayeuza dukani hapendi kwamba kamera ya kaunta inarekodi hadi sauti. Je, mtu hana uhuru wa kufunga kamera apendavyo katika mali yake?

Wakili Nyamagana:
Uhuru unao, ila hauvuki ukuta wako. Ibara ya 16 ya Katiba inampa kila mtu hifadhi ya maisha yake binafsi, familia yake na maskani yake, na mama huyo hapotezi haki hiyo kwa sababu tu mwamba umekuweka juu yake. Kumwona kwa bahati unapofungua dirisha ni jambo moja; kumrekodi usiku na mchana na kuhifadhi picha zake ni jambo jingine kabisa.

Kuhusu duka, soma Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Namba 11 ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023. Picha au sauti inayomtambulisha mtu ni taarifa binafsi, kwa hiyo mfanyabiashara anayerekodi wateja na wafanyakazi anahesabika kuwa mkusanyaji, anayetakiwa kusajiliwa na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, kuwajulisha wahusika sababu ya kurekodi, na kutokusanya zaidi ya kinachohitajika. Bandika tangazo mlangoni, kwa Kiswahili, na umweleze kijana wako kwa maandishi. Sauti izime, sioni mazungumzo ya kaunta yanavyozuia wizi wa nyavu.

Fundi wa Pasiansi:
La bafu linatatulika bila baraza. Inamisha kamera itazame lango lako, na kama ua bado unaingia pembeni, karibu mashine zote za kurekodi zina mpangilio wa kuziba sehemu ya picha kwa mraba mweusi, ambapo eneo hilo halirekodiwi kabisa. Kisha mwite mwenyekiti na mama mwenyewe waone kwenye skrini. Badilisha pia nywila iliyokuja na mashine, maana asiyeibadilisha anaweza kutazamwa na watu asiowajua.

Mkazi wa Mabatini:
Nashukuru sana. Na picha ya anayeshukiwa kuiba, naruhusiwa kuituma katika kundi la WhatsApp la wafanyabiashara?

Wakili Nyamagana:
Usiitume. Ibara ya 13(6)(b) inakataza mtu kutendewa kama mwenye kosa kabla halijathibitika, na sote tunajua kelele za "mwizi" mwaloni huishia wapi. Peleka nakala polisi, na uandike tarehe, saa na jina la aliyeitoa kwenye mashine, kwa kuwa mahakama itataka kujua kama haikuchezewa.

Fundi wa Pasiansi:
Naongeza kwamba nakala itolewe mapema, kwa sababu diski ikijaa mashine hufuta picha za zamani na kuandika mpya juu yake.