Lucia Moris wa Sudan Kusini, nani anajua safari yake?

Mama_Umoja
Habari zenu. Binti yangu ako 14, anakimbia mita 100 na 200, anafanya mazoezi na rafiki yake Msudan Kusini kwa kiwanja cha murram hapa mtaani. Njumu wanazo pea moja, mmoja akimaliza raundi anavua mwingine anavaa, na huyo rafiki juu mguu wake ni mdogo anajaza tishu huko mbele. Juzi akaniuliza kama kwao kuna mwanamke amewahi fika Olimpiki kwa mbio fupi nikakosa jibu. Baadaye nikasikia jina la Lucia Moris. Niambieni nimpelekee.

Kocha_wa_Jioni
Mama umeuliza kitu cha maana sana. Lucia ni wa 100 na 200. Novemba 2019 alienda Japani, mji unaitwa Maebashi, na wanariadha wenzake watatu na kocha, juu Juba uwanja ulikuwa na mashimo na huwezi jenga kasi ukiwa unaangalia penye unakanyaga. Walikuwa wakae mpaka Olimpiki ya 2020, korona ikaisukuma mwaka mzima, na wenyeji wakachanga pesa wakaendelea kuwalisha na kuwapa kocha. Hebu fikiria, msichana wa Juba anajifunza Kijapani huku akingojea mbio ya sekunde ishirini na kitu tu.

Otis254
Lakini wa kwanza si Lucia. Ni Margret Rumat Hassan, Rio 2016, mita 200. Nchi ilipata uhuru 9 Julai 2011 lakini kamati yao ya Olimpiki ilitambuliwa 2015, ndio maana London 2012 Guor Marial alikimbia marathoni chini ya bendera ya Olimpiki, hakuwa na ya kwao. Mwambie huyo msichana majina yote mawili.

Wanja_K
Mimi niliona ile 200 ya Tokyo live na mpaka leo inaniuma. Miaka karibu miwili ya kungoja alafu anaumia katikati ya mbio, anaanguka, anatolewa na machela. Nilizima tivii. Lakini Paris 2024 nikamwona tena kwa mita 100, na kwangu hiyo ndio kazi yake kubwa kushinda muda wowote, kurudi kwa laini ya kuanzia na mguu unakumbuka.

Mzee_wa_Jericho
Na sisi Kenya tulianza hivyo hivyo wanangu. Uhuru 1963, Mexico 1968 ndio wanawake wetu wa kwanza wakaenda Olimpiki, Lydia Stephens, Elizabeth Chesire na Tecla Chemabwai, ambaye 1973 akachukua dhahabu ya mita 400 kwa Michezo ya Afrika kule Lagos. Fainali ya Olimpiki tukangoja mpaka Ruth Waithera 1984, mita 400. Hiyo ni miaka 21 baada ya uhuru. Sudan Kusini haijafika hata 21.

Kocha_wa_Jioni
Mama, kitu kingine, kwa murram wasipige kona kwa kasi yote, ni rahisi kuumia hapo. Kona mwendo wa kati, kasi wawekee njia iliyonyooka. Na wapashe moto dakika ishirini kabla.

Mama_Umoja
Asanteni sana, na mzee ubarikiwe. Nimemsomea huyo rafiki yote jioni hii. Amenyamaza kidogo, alafu akaniomba nimuandikie "Margret" na "Lucia" na biro ndani ya ulimi wa njumu, kila jina mguu wake.