Mrejesho: Nimeanza methadoni nikiwa na mimba

Wapendwa, mwezi uliopita niliwauliza: nina mimba ya miezi mitano, natumia unga (heroini), niache ghafla au nianze methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa unga? Nilikuwa nimeshajifungia ndani siku mbili napambana na arosto, yale mateso ya mwili ukikosa unga, peke yangu. Dada mmoja akaniambia nisithubutu, naweza kupata uchungu kabla ya wakati. Mungu ambariki.

Nimeanza Muhimbili, kliniki iliyofunguliwa 2011. Dawa ni ya maji, unaipokea kwenye kikombe kidogo unainywa palepale, halafu wananiongelesha wahakikishe nimemeza. Kila siku. Walianza na dozi ndogo, wakapandisha taratibu. Daktari kasema mimba ikikua huenda wakaongeza tena, maana mwili wa mjamzito huimaliza dawa haraka. Mtoto anaweza kuzaliwa na arosto, ila inatibika, na vipimo vyangu vikiwa sawa nitamnyonyesha. Hapo kwenye kunyonyesha nililia.

Nauli ya daladala kutoka Tabata ndiyo mtihani. Mama mkwe ananisaidia.

Jana usiku mtoto kacheza sana. Nikaamka, nikakaa kitandani nimeshika tumbo mpaka adhana ya alfajiri.