Kibakuli nisichokiagiza kimeingia kwenye bili: naomba kueleweshwa taratibu za izakaya

Swali

Ndugu zangu, assalaamu alaykum na habari za siku nyingi kwa wote.

Nimehamia Osaka miezi michache iliyopita kwa ajili ya masomo, na wiki iliyopita niliingia kwa mara ya kwanza katika izakaya, yaani ule mgahawa wa kawaida wa Kijapani ambamo watu hukaa jioni wakinywa na kuagiza vyakula vidogo vidogo vya kula pamoja. Tulikuwa watatu, wote wageni, na hakuna hata mmoja wetu anayesoma Kijapani vizuri. Mara tu tulipoketi mhudumu alituletea vitaulo vyenye unyevu vya kufutia mikono, kisha akaweka mbele ya kila mmoja kibakuli kidogo cha mboga zilizochemshwa, nasi tukadhani kwamba huo ni ukarimu wa mwenye mgahawa. Tulipokwenda kulipa tukakuta kila kibakuli kimehesabiwa yeni 400. Mhudumu alijitahidi kutueleza kwa upole, lakini lugha ilitushinda pande zote mbili, nami nikaondoka na kinyongo kwamba tumetozwa kwa sababu ya ugeni wetu.

Sipendi kubaki na dhana mbaya juu ya watu ambao pengine hawakunikosea, ndiyo maana nauliza kama malipo yale ni halali. Jambo la pili ni zito zaidi kwangu. Mimi ni Mwislamu, situmii pombe wala nyama ya nguruwe, na wenzangu wa maabara wamenialika kwenye mgahawa wa namna hiyohiyo mwezi ujao. Nataka kwenda, kwa kuwa nimeona huko ndiko watu wanakozoeana, lakini sijui nitakula nini, nitaagizaje, wala ni mambo gani niyaepuke mezani nisije nikawaudhi wenyeji wangu.

Jibu la kwanza

Ndugu, hukupunjwa, na Mjapani aliyeketi meza ya jirani alilipia kibakuli chake vilevile.

Kibakuli hicho huitwa otoshi, na huko Osaka na miji ya jirani wengi hukiita tsukidashi. Kwa kawaida bei yake ni kati ya yeni 300 na 500 kwa kila mtu, na kazi yake ni mbili: kukupa kitu cha kutafuna wakati jiko linaandaa ulichoagiza, na kuwa malipo ya kiti unachokikalia. Ukumbuke kwamba Japani hakuna desturi ya kumpa mhudumu bakshishi. Ukiacha sarafu mezani, huenda akakufuata hadi mlangoni akidhani umezisahau. Ukilitazama jambo kwa upande huo, yeni 400 kwa saa mbili za kukaa na kuhudumiwa si fedha nyingi.

Hata hivyo naona kinyongo chako kilikuwa na msingi, kwa sababu mteja anastahili kujua bei ya kitu kabla hajakila, na mara nyingi maelezo ya otoshi huandikwa kwa Kijapani peke yake, kwa herufi ndogo, chini ya orodha ya vyakula. Ipo migahawa inayokubali kukuondolea kibakuli hicho ukiuliza mapema, "Otoshi katto dekimasu ka?", na ipo inayokataa kwa kuwa inakihesabu kuwa ndicho kiti chenyewe. Muhimu ni kuuliza unapoketi, kabla hujakigusa.

Angalia pia namna bei zinavyoandikwa. Kodi ya mlaji kwa chakula cha kula ndani ya mgahawa ni asilimia 10, ilhali cha kubeba ni asilimia 8, na tofauti hiyo ipo tangu Oktoba 2019. Kuanzia Aprili 2021 migahawa inatakiwa kuonyesha bei iliyokwisha kujumlishwa kodi, lakini mingi huchapa bei mbili sambamba, ya kwanza kubwa kwa maandishi na ndogo kwa thamani. Utakayolipa ni ile yenye thamani kubwa.

Jibu la pili

Wa alaykumu ssalaam. Nimekaa nchi hii miaka mingi nikiwa katika hali kama yako, kwa hiyo niruhusu nijibu kwa urefu swali lako la pili, kwani hapo ndipo wengi wetu tulipokosea.

Nguruwe anayeonekana si tatizo kubwa. Tatizo ni yule aliyejificha. Saladi ya viazi, ambayo hupatikana karibu kila izakaya na inaonekana haina shaka, mara nyingi huchanganywa na vipande vya nyama ya nguruwe iliyokaushwa. Gyoza, zile sambusa ndogo za kukaangwa upande mmoja, kwa kawaida hujazwa nyama ya nguruwe. Okonomiyaki, ile chapati nene ya unga na kabichi ambayo ni fahari ya Osaka, huagizwa zaidi ikiwa na vipande vya nguruwe juu yake, na hata ukiomba ya kamba, bamba la kukaangia linaweza kuwa limepakwa mafuta ya nguruwe. Katika migahawa ya kushikatsu, vile vijiti vya nyama na mboga vinavyokaangwa kwa unga wa mkate, uliza mafuta ya kukaangia ni ya nini, kwa sababu kitunguu kitupu kinaweza kuwa kimetoka kwenye mafuta ya mnyama.

Jifunze tofauti moja ya lugha itakayokusaidia sana. Huko Osaka neno niku, yaani nyama, likitajwa peke yake humaanisha ng'ombe, na ndiyo maana maandazi yaliyojazwa nyama ya nguruwe huko huitwa butaman, wakati Tokyo maandazi hayohayo huitwa nikuman. Ukisafiri, usidhani kwamba neno lililokuhakikishia usalama Osaka litakuhakikishia Tokyo. Neno la kulitafuta ni buta, na herufi yake ni 豚. Ijifunze mpaka uitambue kwa jicho la mbali. Ukitaka kuuliza kama chakula kina nguruwe, sema, "Butaniku wa haitte imasu ka?"

Kwa upande wa pombe, jiko la Kijapani hutumia sake, yaani pombe ya mchele, na mirin, ambayo ni pombe tamu ya mchele, kama majiko mengine yanavyotumia chumvi. Zimo katika mchuzi wa kuchemshia mboga, katika tare, ule mchuzi unaopakwa kuku wa kuchoma, na mara nyingi katika mchuzi wa kuchovyea tambi. Inawezekana hata mboga za kibakuli kile mlichopewa zilikuwa nazo. Kwa upande wa sosi ya soya, pombe kidogo hujitokeza yenyewe wakati wa kuchacha, na baadhi ya viwanda huongeza nyingine ili isiharibike. Hukumu ya hayo, pamoja na ya kuku ambaye hakuchinjwa kwa utaratibu wetu, nakuachia wewe na wanazuoni unaowaamini. Mimi ninaeleza kilichomo kwenye sahani tu.

Vinavyobaki si vichache. Mimi huagiza edamame, ambazo ni soya changa zilizochemshwa kwenye maganda yake na kunyunyiziwa chumvi, tofu (maziwa ya soya yaliyogandishwa) baridi iitwayo hiyayakko, yenye tangawizi na vipande vyembamba vya samaki mkavu juu yake, sashimi, yaani vipande vya samaki mbichi, samaki wa kuchoma kwa chumvi tupu, anayeitwa shioyaki, na mwishoni mpira wa wali uliofungwa kwa mwani, nikishauliza kilichowekwa ndani. Ile supu ya msingi iitwayo dashi hutengenezwa kwa mwani na samaki mkavu wa jamii ya jodari, kwa hiyo yenyewe haina tatizo kwetu, ingawa asiyekula samaki kabisa atapata shida nayo.

Sasa sikiliza jambo ninalolipa uzito kuliko yote. Usisubiri kufika mezani ndipo uanze kueleza. Kila karamu ya Kijapani ya namna hii ina mratibu, anayeitwa kanji, ambaye huchagua mgahawa, huweka nafasi, na mara nyingi huagiza mapema mpangilio mzima wa vyakula kwa idadi ya watu. Mwandikie wiki moja au mbili kabla, umwambie kwa maneno machache kile usichokula na kile unachokula. Sheria ya nchi inalazimisha vyakula vilivyofungwa kiwandani kutaja vitu vinavyosababisha mzio, lakini haiilazimishi migahawa kufanya hivyo, hivyo simu ya mratibu kwenda jikoni ndiyo ulinzi wako. Ukimwambia mapema atakushukuru, maana kinachomwaibisha yeye ni kumwona mgeni wake amekaa njaa saa mbili.

Kuhusu kinywaji, agiza oolong-cha, chai ya rangi isiyotiwa sukari ambayo ipo katika kila izakaya. Wenzako watasema "toriaezu biru", yaani bia kwanza, nawe utataja chai yako, na hakuna atakayekushangaa. Usinywe mpaka wote wapate vyao na neno "kanpai", la kutakiana heri kabla ya kunywa, litamkwe. Mkiwa mmechagua nomihodai, ule utaratibu wa kunywa bila kikomo kwa dakika 90 au 120, kwa kawaida meza nzima hulipa, ikiwa ni pamoja na asiyekunywa pombe. Ila vinywaji baridi na chai vimo ndani ya bei hiyo.

Jibu la tatu

Nitaongeza machache juu ya mwenendo wa mezani.

Makosa mawili ya vijiti vya kulia ndiyo yenye uzito wa kweli, na yote yanahusu msiba. Usisimamishe vijiti katikati ya bakuli la wali, kwa sababu ndivyo wali unavyowekwa kwa ajili ya marehemu. Tena usipokezane chakula na mwenzako kijiti kwa kijiti, kwa sababu baada ya kuchoma maiti, wanafamilia hukusanya mifupa kwa kuishika pamoja kwa vijiti. Ukitaka kumpa mwenzako kipande, kiweke kwenye kisahani chake. Mengine kama kuchoma chakula kwa ncha ya kijiti yanasameheka kwa mgeni. Sahani za katikati mara nyingi huwa na vijiti vyake vya kupakulia, ambavyo haviingii kinywani.

Mkipelekwa chumba chenye mikeka ya tatami mtavua viatu, basi vaa soksi nzima siku hiyo.

Ushauri wangu ni kwamba ujizoeze peke yako kabla ya siku yenyewe. Migahawa ya sushi, yaani vitonge vya wali vyenye samaki juu, ya mkanda unaozunguka inakufaa, na uko karibu na chimbuko lake: wa kwanza ulifunguliwa mwaka 1958 huko Higashiosaka na Yoshiaki Shiraishi, aliyepata wazo kwa kutazama chupa za bia zikipita kwenye mkanda wa kiwanda. Utamwambia mhudumu "hitori desu", yaani niko peke yangu, utapewa kiti, na utaagiza kwa kugusa picha kwenye skrini bila kusema neno. Tangu mwaka 2023, baada ya video za wateja waliochezea vyombo na vyakula vya wengine kuwakera watu wengi, baadhi ya migahawa imeacha kuzungusha sahani ovyo, na sasa mkanda huleta ulichoagiza tu. Bomba dogo jeusi lililo mbele yako ni la maji ya moto ya kuchanganyia chai, si la kunawia. Wageni wameungua hapo. Kumbuka tu kwamba wali wa sushi hutiwa siki, na kwamba baadhi ya vipande hupakwa sosi tamu, hivyo uliza kwanza kama kuna pombe ndani.

Ramen, yaani tambi za supu, katika migahawa ya kuagiza kwa mashine ya tiketi ni rahisi pia kuagiza, lakini kwako wewe supu ya tonkotsu haifai, kwani ni mifupa ya nguruwe iliyochemshwa kwa saa nyingi.

Mwulizaji

Nawashukuru sana, sikutegemea kufafanuliwa kwa kina kiasi hiki. Nimekwisha kumwandikia mratibu, naye amejibu kwamba atapiga simu mgahawani kuulizia samaki wa kuchoma kwa chumvi. Naomba nimalizie na mambo mawili: namna ya kumwita mhudumu na kulipa, na moshi wa sigara, kwa kuwa nina pumu.

Jibu la kwanza, tena

Kama meza ina kitufe, kibonyeze. Kama haina, inua mkono useme "sumimasen", yaani samahani, kwa sauti inayosikika, na usione haya, kwa sababu mhudumu wa huko hukaa mbali nawe kwa makusudi mpaka umwite. Siku ya karamu mratibu atalipa hesabu yote na kuigawa sawa kwa kila mtu, kwa hiyo nenda na noti ndogondogo. Ukiwa peke yako, sema "o-kaikei onegaishimasu", yaani naomba hesabu, ulipe karibu na mlango, na fedha uziweke kwenye kisinia badala ya mkononi mwa mhudumu.

Kuhusu moshi, sheria ya nchi tangu Aprili 2020 imepiga marufuku sigara ndani ya migahawa mingi, ila iliacha nafasi kwa migahawa midogo ya zamani yenye eneo la wateja lisilozidi mita za mraba 100. Mkoa wa Osaka umebana zaidi kuanzia Aprili 2025, na sasa nafasi hiyo imebaki kwa ile isiyozidi mita za mraba 30. Mgahawa unaoruhusu sigara lazima uweke alama mlangoni, na aliye chini ya miaka 20 haruhusiwi kuingia sehemu hiyo. Mwulize mratibu neno moja tu: "Kin'en desu ka?", yaani, je, sigara imekatazwa?

Mwulizaji

Nimemwuliza, na amesema imekatazwa. Jumamosi nitarudi katika ile izakaya ya kwanza, niagize edamame na tofu, nilipe otoshi yangu, na nikitoka nimwambie mhudumu yule "gochisosama deshita", yaani asante kwa chakula, maana mara ile niliondoka bila kumuaga.